Debe la Shayiri: Kusoma Biblia Mpaka Moyo Ufurahi

Kama umewahi kuanza Januari na ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, unajua ratiba hiyo inafia wapi. Mwanzo kinasomeka kama hadithi ya jioni. Kutoka kinakwenda vizuri mpaka bahari inagawanyika na mlima unafuka moshi; halafu zinaingia sura za vipimo vya hema, mapazia, vitanzi na vigingi, na nyuma yake Mambo ya Walawi na damu yake, mafuta yake na figo zake. Katikati ya Februari Biblia inarudi ndani ya zipu.

Mimi nilikwama hapo miaka minne mfululizo. Mwaka wa tano nilikaza, nikamaliza sura zote 1,189, kila sura nikiitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Usiku wa kesha la mwaka mpya nilisimama kutoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele. Nikarudi kukaa nikiwa mkavu. Sikukumbuka siku hata moja ambayo niliinuka kwenye kile kiti changu nikiwa na furaha, au nikiwa na hakika kwamba Mungu alikuwa amekaa nami pale mezani. Haya ninayokuandikia niliyajua baadaye, na mengi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi.

Furaha ina mlango wake

Fungua Nehemia sura ya 8. Watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wamekusanyika Yerusalemu, uwanjani mbele ya Lango la Maji, siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Kuhani Ezra anapanda jukwaa la mbao na kuisoma Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wanaume wapo, wanawake wapo, na kila mwenye umri wa kuelewa. Walawi wanapita katikati ya watu wakifafanua kilichosomwa. Na watu wanalia. Wanalia kwa sababu wamejitambua katika maneno yale. Ndipo wanaambiwa waache kulia, waende nyumbani wakale vinono na kunywa vitamu, na wasiokuwa na kitu wapelekewe fungu lao.

Wakaenda, wakafanya shangwe kubwa. Mwandishi hakutuacha tubahatishe sababu ya shangwe hiyo. Anasema wazi kwamba walikuwa wameyaelewa maneno waliyosomewa. Hataji walisoma sura ngapi, wala hamsifu aliyevumilia kusimama muda mrefu kuliko wenzake. Walielewa, basi wakafurahi.

Kwa hiyo ukiitafuta furaha ndani ya Biblia, usiitafute moja kwa moja. Tafuta kuelewa kilichoandikwa mbele yako, hata kama ni mistari mitano tu. Kumkaribia Mungu nako kunakuja kwa njia hiyo hiyo, maana huwezi kuwa karibu na mtu ambaye maneno yake unayapita mbio kila siku. Jirani yako akikusimulia jambo la moyoni nawe unaangalia saa, atanyamaza. Mungu ni mvumilivu kuliko jirani, lakini wewe uliyeangalia saa hutakuwa umesikia.

Na ukiona machozi yanatangulia, usishtuke. Pale Lango la Maji yalitangulia vile vile.

Soma kwa Kiswahili unachokielewa

Wengi wetu tumelelewa na Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952 ili Wakristo wa Afrika Mashariki wawe na tafsiri moja, badala ya wa Unguja kuwa na yao na wa Mombasa yao. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani zaidi. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule alipomzika mkewe na mtoto wao mchanga. Unguja nako, Askofu Edward Steere akatoa Agano Jipya mwaka 1879. Nikishika Biblia ya Kiswahili huwa nakumbuka kwamba kuna watu walioilipia.

Kiswahili cha Union ni kitamu, kina mwendo wa pwani ndani yake, na mistari tunayoijua kwa moyo tunaijua hivyo. Siiachi. Lakini usijidanganye kwamba neno umelielewa kwa sababu umelizoea. Efa ni nini? Kupura je? Masazo, nira, mjakazi, pishi? Niliwahi kuuliza maneno hayo sita katika ibada ya nyumba kwa nyumba, tukiwa watu kumi na wawili ambao wote tumebatizwa tangu utotoni, na hatukuweza kuyaeleza yote. Weka pembeni Biblia Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, lugha yake ikiwa ya siku zetu. Soma Union kwa sauti. Ukikwama, tupa jicho upande wa pili. Kama moyo wako unasikia vizuri zaidi kwa Kichaga, Kihaya, Kikuyu au Kinyarwanda, na tafsiri ipo, anza na hiyo bila wasiwasi. Mkatoliki atakuwa na vitabu 73 mkononi, Mprotestanti 66. Ninayoyasema yanawafaa wote wawili.

Mahali pa kuanzia

Usianze na Mwanzo ukiwa na nia ya kufika Ufunuo. Siku ya kuisoma yote itakuja, na ni siku njema, ila si sasa. Anza na kitabu kifupi ambacho unaweza kukizunguka mara nyingi mpaka ujue kila kona yake. Ruthu kina sura nne na mistari 85. Wafilipi nayo ina sura nne. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, na bado anataja furaha na kufurahi zaidi ya mara kumi, jambo ambalo peke yake linatosha kukufanya uisome upya ukijiuliza mtu huyu alikuwa ameona nini. Marko ni Injili fupi kuliko zote. Tafuta Jumapili moja mchana uisome yote kwa sauti, itakuchukua kama saa mbili, nawe utashangaa jinsi Yesu anavyotembea haraka ndani yake, na jinsi mwendo unavyopungua ghafla akifika juma la mateso.

Zaburi ni za kila siku. Ziko 150, na hazihitaji ratiba.

Jambo moja naliomba kwa dhati: acha kufungua Biblia ukiwa umefumba macho na kuweka kidole popote ili upate neno la leo. Najua linafanywa na watu wanaompenda Mungu. Lakini hivyo ndivyo mpiga bao anavyofanya na mbegu zake, na Biblia haikuandikwa kwa ajili hiyo. Mstari uliochomolewa kwenye hadithi yake ni kama kipande cha barua uliyookota njiani: unaweza kufurahia maneno ambayo hayakuandikwa kwako, au kuogopeshwa nayo bure. Ukitaka neno la leo, lisome pale ulipoishia jana.

Namba za sura na mistari nazo zisikutawale. Sura tulizonazo ziligawanywa katika karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya alizipanga mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551, ili iwe rahisi kupata mahali. Paulo hakuandika sura, aliandika barua. Ukiona sura inaishia katikati ya wazo, endelea. Ukiona wazo limekamilika katikati ya sura, funga.

Midomo ifanye kazi

Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Mungu mchana na usiku. Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu amekaa kimya, mkono shavuni. Neno la Kiebrania lililoko pale, hagah, ni neno la sauti. Kitabu cha Isaya kinalitumia kwa mlio wa njiwa, na pengine kwa ngurumo ya simba aliyekaa juu ya windo lake. Kutafakari, kwa watu wale, kulikuwa kunong'ona, kulisema neno chini chini na kulirudia, kama mama anavyombembeleza mtoto bila haja ya wimbo mpya kila jioni. Yule mtumishi wa malkia wa Ethiopia katika Matendo sura ya 8 alikuwa na kitabu cha Isaya ndani ya gari lake, na Filipo alimsikia akisoma. Alikuwa akisoma kwa sauti.

Basi soma kwa sauti. Si lazima jirani asikie. Inatosha masikio yako yapate. Macho yana tabia ya kuruka yale yanayoyajua, ila ulimi hauwezi kuruka, lazima upite juu ya kila neno. Chukua mistari kumi, au kisa kimoja. Isome mara ya kwanza ujue kimetokea nini. Isome ya pili taratibu, ukisimama kila mahali panapokushangaza au panapokukera. Kukereka nako ni kuelewa kunakoanza. Kabla ya mara ya tatu, mwambie Mungu sentensi moja ya kweli. Mimi husema hivi: Bwana, nimesoma, na hapa sijaelewa. Halafu nasoma tena.

Dakika ishirini zinatosha. Chagua saa ambayo tayari ni yako, usibuni nyingine. Namjua mama anayesoma wakati maharage yanachemka, kwa sababu anajua hawezi kutoka jikoni na hakuna atakayemwita. Namjua kondakta anayesoma stendi, gari likisubiri zamu, kabla abiria hawajajaa. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza. Bora zaidi, nunua ya karatasi na simu ibaki chumbani. Weka daftari la shule, lile la kurasa 48, uandike jambo moja tu kwa siku: ulichoona, au swali. Swali ni bora. Daftari langu la mwaka jana limejaa maswali, na nikilisoma naona mengine yamejibiwa na kitabu chenyewe miezi mingi baadaye, nikiwa nimeshasahau kwamba niliuliza.

Debe moja

Sasa nikupeleke kwa yule mzee. Alikuwa mzee wa kanisa mstaafu, nyumba yake haiko mbali na kwangu, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili na anasubiri zamu ya upasuaji. Niliombwa nimsomee Biblia Jumatatu na Alhamisi baada ya kazi. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikapewa kigoda barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, nikamuuliza tusome nini. Akasema Ruthu. Nikamsomea chote, sura nne, kama robo saa hivi. Nilipofunga, aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Mwanangu," akasema, "unamkimbiza nani?"

Tulikaa na Ruthu wiki sita.

Wiki ya tatu tulikuwa sura ya pili. Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, ameingia shamba la Boazi kuokota masuke yanayobaki nyuma ya wavunaji. Jioni anayapura, na kitabu kinasema alipata kama efa moja ya shayiri. Nikaendelea mbele.

"Simama hapo. Efa ni kiasi gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimepita juu ya neno hilo maisha yangu yote. Nilikwenda nyumbani nikatafuta kwenye jedwali la vipimo mwishoni mwa Biblia, na Alhamisi nikamletea jibu: wengi wanaikadiria kama lita 22, zaidi kidogo ya debe.

Mzee akaweka kikombe chini. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, Hanang, na alikuwa amewaona kwa macho yake, yalipokuwa bado mazima, wanawake waliokuja nyuma ya mashine kuokota masuke yaliyodondoka. Alijua mwanamke mmoja anarudi na nini jioni. "Bakuli," akasema. "Siku ya neema, bakuli mbili. Sasa wewe unaniambia debe zima, tena limeshapurwa, mtu mmoja, siku moja? Haiwezekani. Rudi nyuma. Kuna mtu ametoa amri."

Nikarudi nyuma mstari mmoja. Ilikuwa pale. Boazi anawaambia vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda yenyewe, wayaangushe chini kwa makusudi ili Ruthu ayaokote, na wasimkemee. Mstari huo nilikuwa nimeusoma, nadhani, mara kumi katika maisha yangu. Mwaka wa kalamu nyekundu niliutia alama ya vema pamoja na ndugu zake.

Mzee alicheka mpaka machozi yakatoka katika yale macho yenye ukungu. "Kumbe alikuwa anaangushiwa! Na yeye anadhani anaokota!"

Kisha akanyamaza muda mrefu. Ndani, mkewe alikuwa anachambua mchicha. Nikasikia naye ameacha. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Ada ya mtoto wa mwisho, mwaka ule kahawa ilipokosa bei. Jirani aliyeleta gunia la maharage akisema ati yamemzidi. Fundi aliyejenga ukuta wa nyuma na kukataa fedha. Mambo ambayo miaka yote aliyaita bahati, au jasho lake. Alipomaliza vidole vya mkono wa pili aliomba, na katika ombi lile hakuomba kitu, macho yake hakuyataja. Alishukuru tu. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu nikihesabu ya kwangu, na nilipofika mlangoni sikuwa nimemaliza.

Siku ile nilijua watu wa Lango la Maji walifurahia nini.

Ukitaka kusoma hivyo, uliza maswali ya mtu wa shamba, wa soko, wa jikoni. Ni kiasi gani? Ni mbali kiasi gani? Nani alilipa? Nani alikuwa amesimama pale na hakusema kitu? Kazi unayoifanya imekupa macho ambayo mhubiri wako huenda hana. Muuguzi atasoma kisa cha mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili kwa namna ambayo mimi siwezi. Mvuvi wa Ziwa Viktoria akisoma kwamba walifanya kazi usiku kucha bila kupata samaki, anajua uzito wa wavu ulio mtupu. Peleka ujuzi wako pale, Mungu hakukupa ili uuache mlangoni.

Kisha acha kitabu kimoja kikupeleke kwenye kingine. Nilijiuliza kwa nini mgeni aliruhusiwa kuingia shamba la mtu na kuokota. Jibu liko Mambo ya Walawi sura ya 19: mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni kabisa na kuokota masazo, maana hayo ni ya maskini na mgeni. Kitabu nilichokwama ndani yake miaka minne ndicho kilichomlisha Ruthu. Na katika sura ya pili Boazi anamwombea Ruthu kwa Mungu ambaye amekuja kukimbilia chini ya mabawa yake. Sura ya tatu, usiku, Ruthu anamwomba Boazi mwenyewe amfunike kwa nguo yake. Kwa Kiebrania bawa la sura ya pili na pindo la nguo la sura ya tatu ni neno moja, kanaf. Ni kama Ruthu anamwambia: uliniombea mabawa, sasa yawe wewe. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu, maana kulikuwa na mtu niliyekuwa namwombea kwa miezi bila kumtembelea.

Siku ambazo hakuna kitu

Zipo, na zitakuwa nyingi. Mama yangu alipofariki, nilisoma karibu nusu mwaka bila kuonja chochote. Maneno yalikuwa makapi. Nilijilazimisha kusoma sehemu za furaha, na kila moja ilinifanya nijione mwongo.

Kilichonisaidia ni kugundua kwamba ndani ya Biblia kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari mmoja wa kufuta machozi mwishoni, na watu wa Mungu waliitunza hivyo hivyo wakaiweka kwenye kitabu chao cha nyimbo. Nilikuwa naisoma kwa sauti kila usiku. Haikunipa raha, lakini ilinipa mtu wa kulia naye, na nilianza kuhisi kwamba Mungu aliyekubali zaburi ile iwemo hakuwa ameondoka chumbani. Huko nako ni kumkaribia. Baada ya muda nikahamia Zaburi ya 13, mistari sita tu: inaanza kwa kumuuliza Mungu mara nne, mpaka lini, na inaishia kwa kuimba. Sijui mshairi alichukua muda gani kutoka mstari wa kwanza hadi wa sita. Mimi nilichukua miezi.

Kwa hiyo siku kavu punguza, usiache. Zaburi moja ya kilio, kwa sauti, halafu lala. Usijipige kwa kukosa hisia. Na kama huzuni imekaa muda mrefu, huli, hulali, hutaki kuona watu, mwone daktari na mwambie mchungaji au padri wako. Biblia haishindani na dawa.

Usibaki peke yako nayo

Mwezi Septemba mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na amevunjika moyo. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Muganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja na kuomba. Watu wawili na vitabu vyao. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hukumbukwa pamoja na siku zile mbili. Simwahidi mtu kwamba akikaa na rafiki yake uamsho utatokea. Ninalosema ni kwamba kila mmoja wao alihitaji mwenzake ili aone.

Tafuta mtu mmoja. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, Walutheri na wengine wana ibada za nyumba kwa nyumba, lakini humo mara nyingi anazungumza mmoja na wengine wanaitikia. Pata mtu wa kusoma naye ambaye hatakuhubiria: mkeo, mumeo, mwanao wa darasa la sita, bibi yako asiyejua kusoma. Hasa bibi. Mmoja asome, mwingine asikilize, na msikilizaji awe na haki ya kusema simama hapo. Mtoto akiuliza swali usilolijua, mwambie hulijui na mlitafute wote. Hilo litamfundisha kuheshimu Biblia kuliko jibu la kubuni.

Na mkimaliza, kumbukeni fungu. Wale wa Nehemia hawakuambiwa wakale peke yao. Furaha yao iliagizwa ibebwe kwenye sahani mpaka kwa yule ambaye hakuandaliwa kitu. Nimeona kwangu kwamba siku nikisoma na kisha nikapeleka kitu kwa mtu, hata chumvi, hata nusu saa ya kukaa na mgonjwa, kesho yake nafungua Biblia kwa hamu. Siku nikisoma na kujifungia, kesho yake nafungua kwa wajibu.

Anza leo usiku na Ruthu sura ya kwanza. Kumbuka unaposoma kwamba Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, na kisa kinaanza kwa njaa ndani ya nyumba hiyo. Soma kwa sauti mpaka pale wanawake watatu wanaposimama njiani na kulia, usiwapite haraka. Ukifika pale Naomi, mama mkwe wa Ruthu, anaporudi kijijini na kuwaambia wanawake wenzake wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, maana aliondoka akiwa na vyote na amerudi mikono mitupu, angalia nani amesimama kando yake wakati anayasema hayo. Sentensi ya mwisho ya sura inataja msimu: ndiyo kwanza shayiri inaanza kuvunwa. Usiingie sura ya pili. Funga kitabu hapo, andika swali lako, uzime taa.